HANDAKI LA PUJINI NA NGOME ZA UDONGO ZA BARA
(Maneno yaliyosemwa na Afisa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi, Shinyanga)



Natoka Visiwani, nami nazungumza nanyi, wenyeji wa Shinyanga pamoja na ndugu waliofika kutoka Geita. Nimeombwa nieleze habari za magofu ya Pujini. Nitafanya hivyo, kisha nitarejea hapa kwenu, maana jambo lenyewe linatuhusu sote.

Pujini iko kisiwani Pemba, mwendo wa kilomita 10 hivi kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake. Hapo pana mabaki ya makao ya mtawala yaliyojengwa kiasi cha karne ya 15. Yalizungukwa na boma na handaki, na mfereji ulichimbwa ili vyombo vya baharini vipate kusogea karibu. Ndani ya boma palikuwa na nyumba kubwa, msikiti na kisima. Kipo pia chumba kilicho chini ya ardhi, ambamo ukutani imechongwa kwa chokaa sura ya siwa, ile baragumu ya enzi. Miji ya kale ya mwambao ni mingi, na mingi ina majumba ya mawe yenye fahari, lakini makao yaliyozungushiwa ngome namna hii katika zama zile ni nadra mno. Ndiyo sababu wataalamu wa mambo ya kale wamefanya uchimbaji mahali hapo, hasa katika miaka ya 1980 na 1990.

Mwenye makao hayo anatajwa kwa jina la Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakama wanaume kama akamwavyo ng'ombe. Nilipokuwa mtoto chuoni, tukisoma Kurani, tulihadithiwa kwamba aliwalazimisha raia wake kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Kisima kile nacho kina ukuta unaokigawa pande mbili, na wazee husema uliwekwa ili wake wawili wenye wivu wasionane wanapoteka maji. Hizi ni simulizi, wala sizitoi kwenu kama ushahidi wa mahakamani. Lakini zingatieni, ndugu zangu: zimepita karne tano, na jina lililobaki midomoni mwa watu halisifu ukuta wala handaki. Linakumbusha jasho la waliochimba. Mtumishi wa umma na alizingatie hilo kila anapotoa amri.

Sasa nirejee bara. Msidhani kuwa handaki na boma ni mambo ya pwani peke yake. Katika karne ya 19, nchi za Unyamwezi, Usumbwa na Usukuma zilipita katika misukosuko ya vita na biashara ya misafara. Watuta, jamaa ya Wangoni waliotoka kusini, walifika hadi nchi ya Wasumbwa, na baadaye vita vya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, vilienea mbali. Vijiji vilijizungushia ngome za miti iliyosimikwa, vikapanda minyaa, na vingine vikachimba mahandaki. Makao ya mtemi, ambayo huitwa ikulu, yalikuwa moyo wa ulinzi huo. Ngome ya Mtemi Isike huko Tabora iliwasumbua sana Wajerumani hata walipoiteka Januari 1893. Neno hilo ikulu leo ndilo jina la makao ya Rais wetu, nasi hulitamka kila siku bila kukumbuka lilikotoka.

Tofauti iliyopo ni hii. Pujini ilijengwa kwa mawe pamoja na udongo, na mabaki yake mtu huyaona kwa macho. Ngome za huku zilijengwa kwa miti na udongo. Mchwa wamekula miti, na mvua imesawazisha tuta. Kilichosalia huenda ni bonde dogo lililopinda kama mwezi mchanga, safu ya minyaa iliyozeeka, vigae vya vyungu, na mzee mmoja anayejua jina la mahali. Mzee huyo akiondoka, na shimo la dhahabu likipita hapo, hakuna atakayejua kuwa palikuwa na ikulu.

Sisemi dhahabu isichimbwe. Watu wanasomesha watoto kwa dhahabu hiyo, na Serikali inapata mapato. Nasema tutazame kabla ya kupiga sururu. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vya kale, hasa vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa kwa wahusika kabla ya kuvihamisha. Aidha, uchimbaji wa kutafuta mambo ya kale hauruhusiwi bila kibali.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, watendaji wa vijiji waandike majina ya mahali palipokuwa na ikulu na mahandaki, kwa kuwauliza wazee wake kwa waume. Pili, walimu wawapeleke wanafunzi kupaona. Tatu, mchimbaji atakayekuta vigae, mifupa au msingi wa kale asimamishe kazi mahali hapo na kutoa taarifa.

Wahenga walisema, mvunja nchi ni mwananchi. Nami naongeza kuwa mlinzi wake pia ni mwananchi. Sisi wa Visiwani tunalo jukumu la kulinda mawe ya Pujini, yasigeuzwe kuwa misingi ya nyumba zetu. Nanyi mnalo jukumu la kulinda udongo, ambao ni mgumu zaidi kuulinda kwa kuwa hauonekani kuwa na thamani.