Mkutubi, Jaribu Zana Hizi za Bure

Leo tunazungumza na wakutubi wa shule, hasa wenye rafu chache na wanafunzi wengi.

Mtandaoni zipo zana za bure zinazofaa kujaribiwa. African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa, hata kuzitafsiri. StoryWeaver, iliyoanzishwa na Pratham Books ya India mwaka 2015, hufanya kazi kama hiyo. Shule isiyo na intaneti ya uhakika ijaribu Kolibri: masomo hupakuliwa kwenye kompyuta moja, kisha wanafunzi huyasoma bila bando. Kwa orodha ya vitabu na kumbukumbu za uazimaji kuna Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand.

Anza na zana moja, darasa moja. Soma hadithi yote kabla ya kuwapa watoto. Kagua leseni. Usiweke majina wala picha za wanafunzi kwenye zana hizi pasipo lazima. Kisha waulize wasomaji wenyewe: wameelewa? Wanataka nyingine?

Kila mtoto anastahili kitabu anachokielewa. Mkutubi, anza wiki hii.