Mlinzi Naye Aulizwe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumetakiwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi hulikimbia, nalo ni hili: wauaji wanapoingia mjini wakamwaga damu ya watu wasio na hatia, je, raia ana haki ya kumwuliza mtawala wake, au kazi yake ni kulia, kuzika na kunyamaza? Wako wasemao kuwa kuuliza wakati wa msiba ni utovu wa adabu, tena ni kumsaidia adui. Sisi twasema sivyo, na hoja zetu tutazitoa katika mambo yaliyotokea hapa jirani, Kenya.

Tarehe 21 Septemba, 2013, watu wenye bunduki waliingia katika jengo la maduka liitwalo Westgate, mjini Nairobi, na watu 67 wakauawa. Mzingiro uliendelea kwa siku nne. Serikali ilisema kuwa washambulizi walikuwa kati ya kumi na kumi na tano. Baadaye ikadhihirika kuwa walikuwa wanne tu. Wauaji wale hapana mwenye akili atakayewatafutia udhuru. Lakini sisi wenye maduka liko jambo moja lililotuuma khasa. Wafanya biashara wa jengo lile waliporejea, waliwahi kukuta droo za fedha zimevunjwa na bidhaa hazipo, na siku zile jengo lilikuwa mikononi mwa askari. Picha za kamera za ulinzi zikaonyesha askari wakitoka na mifuko. Mkuu wa majeshi akasema ilikuwa mifuko ya maji ya kunywa. Watu hawakuridhika, magazeti hayakunyamaza, na kabla ya Oktoba kwisha jeshi lenyewe likatangaza kuwa askari wawili wamefukuzwa kazi na kutiwa kifungoni. Lau watu wangeikubali khabari ile ya maji, ingekuwa maji mpaka leo.

Hapo raia walifuzu. Lakini katika lililo kubwa zaidi hawakufuzu. Rais wa nchi aliahidi hadharani kuwa itaundwa tume ya kuchunguza msiba ule, tume haikuundwa. Kamati ya Bunge ilileta ripoti yake, na mwaka 2014 Bunge lenyewe likaikataa. Kila mwenye duka anajua kuwa deni lisiloandikwa, likadaiwa mara moja kisha likaachwa, mdaiwa huliona limesamehewa.

Kisha ikaja Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili, 2015, washambulizi waliingia katika Chuo Kikuu cha mji ule, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Kikosi maalumu kilitoka Nairobi, na kikaingia mabwenini jioni. Hatusemi kuwa tume ingaliwaokoa vijana wale. Hilo analijua Mwenyezi Mungu. Twasema kuwa maswali ya Garissa, nani alipewa khabari mapema, nani alitoa amri, na kwa nini askari wakachelewa, ni yale yale ya Westgate, nayo yalikuwa yamelala mwaka na nusu pasipo jawabu.

Ndugu zetu, serikali isiyoulizwa haikai bure. Hushika kamba upande mwingine. Mwezi Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika mtaa wa Eastleigh na kwingineko, wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mwezi Disemba mwaka ule ule, baada ya mauaji ya Mandera, ikapitishwa sheria mpya ya usalama katikati ya ngumi na vurugu Bungeni, na ndani yake mlikuwa na kifungu cha kumtoza mtu faini hadi shilingi milioni 5 kwa kutangaza khabari ambazo zingeharibu uchunguzi wa ugaidi. Upinzani ukaenda mahakamani pamoja na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, na mwezi Februari 2015 majaji watano wakavifuta vifungu vinane, hicho kikiwamo. Hapakurushwa hata jiwe moja.

Nao watu wa Hispania wana lao la kusimuliwa. Tarehe 11 Machi, 2004, mabomu yaliripuka katika treni za Madrid, abiria zaidi ya 190 wakafa. Uchaguzi ulikuwa siku tatu mbele. Serikali ikashikilia kuwa waliofanya ni ETA, hali dalili zilikuwa zikielekeza kwingine. Watu wakasimama mabarabarani wakitaka kuambiwa kweli kabla ya kupiga kura, na tarehe 14 chama kilichotawala kikashindwa.

Hapa visiwani jambo hili si hadithi ya mbali. Mnawakumbuka masheikh wetu wa Uamsho, walioshitakiwa Bara kwa sheria ya ugaidi, wakakaa rumande miaka mingi, hata mashtaka yakafutwa mwezi Juni 2021 pasipo hukumu. Mwenye hatia na ahukumiwe, na asiye na hatia aachwe. Lakini miaka ile ni ya nani, na nani atakayeijibu? Serikali iliyopewa upanga wa kutulinda ni lazima ieleze kila mara ilipouchomoa.

Basi ombi letu ni dogo. Mjumbe au mwakilishi akija kutoa salamu au kuomba kura, mwulizeni kwa heshima: alipiga kura vipi juu ya sheria hizi, na ni wangapi waliomo rumande pasipo kesi kusikilizwa. Jawabu liandikwe katika daftari la tawi, pamoja na tarehe na jina lake, na akirejea mwaka ujao asomewe. Tawi lisilokuwa na daftari, katibu wake apite dukani kwetu; atapewa moja bila ya malipo.