Kiunzi cha Kuoteshea Gegedu la Nyonga

Gegedu la nyonga ni tabaka jeupe, lenye utelezi, linalofunika kichwa cha mfupa wa paja pale kinapozunguka ndani ya kikombe chake. Unene wake ni milimita chache tu. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo likishalika halijijengi upya. Daktari William Hunter aliliandika hilo huko London mwaka 1743. Gegedu likiisha, mifupa huanza kusagana, kinena huuma, na mgonjwa hushindwa hata kuinama kufunga kiatu.

Tiba iliyozoeleka ni nyonga bandia ya chuma na plastiki, iliyoimarishwa na John Charnley nchini Uingereza miaka ya 1960. Huwasaidia sana wazee. Kwa kijana ni mtihani, maana nayo huchakaa, na kuibadilisha ni kazi ngumu kuliko kuiweka mara ya kwanza.

Ndiyo maana watafiti wakageukia kiunzi cha kuoteshea gegedu jipya. Mwaka 2016 Farshid Guilak wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, na wenzake wa kampuni ya Cytex walieleza namna walivyokitengeneza. Walichukua nyuzi za polikaprolaktoni, plastiki ambayo mwili huimeng'enya polepole, wakazifuma tabaka juu ya tabaka kama mkeka mnene, kisha wakaupa mfumo huo umbo la kichwa cha paja. Ndani ya matundu yake wakapanda seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Seli hizo hutengeneza gegedu, na wakati huo nyuzi ndizo zinazobeba uzito. Uzuri mkubwa zaidi uko kwenye jeni waliyoiongeza: mgonjwa akipewa doksisaiklini, dawa ya kawaida ya bakteria, seli hutoa protini inayotuliza uvimbe, ambao usipodhibitiwa utalila gegedu jipya pia. Kazi hiyo yote ilifanyika maabara.

Mwaka 2021 yakatolewa matokeo ya mbwa waliowekewa kiunzi cha aina hiyo nyongani. Miezi 6 baadaye walikuwa wakitembea vizuri.

Kuna pia wagonjwa wa selimundu, walio wengi Afrika Mashariki, ambao huharibikiwa nyonga wangali vijana. Kwao mfupa wenyewe hufa kwa kukosa damu, kwa hiyo gegedu jipya peke yake halitatosha. Kwa wote, kiunzi hiki bado hakijawa tiba ya kawaida hospitalini. Mwenye maumivu ya kinena yasiyokoma aende kupimwa mapema, kabla gegedu halijaisha.