Kina, Mzaha na Maana: Nyimbo za Tim Minchin katika Mizani ya Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Wimbo wa kuchekesha haujapewa heshima inayostahili katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili. Tenzi zimehaririwa, mashairi ya hekima yamefafanuliwa, taarabu imeandikiwa tasnifu. Lakini mtu apandaye jukwaani na ala yake ili awachekeshe watu kwa wimbo huhesabiwa kuwa mpitisha muda. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba mzaha wa wimbo umejengwa ndani ya sauti, silabi na herufi za lugha, na kwa hiyo ni mali halali ya isimu. Kielelezo ni Tim Minchin wa Australia, mtunzi, mpiga piano, mchekeshaji na mwigizaji. Kielelezo kimetoka mbali kwa makusudi, kwani lugha ya wengine humsaidia mchunguzi kuiona upya lugha aliyoizoea.

Safari ya msanii

Minchin alizaliwa Northampton, Uingereza, mwaka 1975, kwa wazazi Waaustralia, akakulia Perth. Alisomea Kiingereza na tamthilia katika Chuo Kikuu cha Western Australia, kisha akasomea muziki. Mwaka 2002 alihamia Melbourne, akatafuta kazi za uigizaji na mkataba wa kurekodi bila mafanikio ya kutajika. Kampuni za muziki ziliusifu utunzi wake, ila hazikujua zimuuze vipi mtu ambaye wimbo wake mmoja ni wa dhihaka na wa pili ni wa dhati. Ndipo alipozikusanya nyimbo za kuchekesha katika onyesho moja, Dark Side, lililomtambulisha katika Tamasha la Vichekesho la Melbourne mwaka 2005. Mwaka huo huo, mjini Edinburgh, alipata tuzo ya Perrier ya msanii chipukizi.

Kina na kicheko

Kwa nini wimbo wa Kiingereza uchekeshe kwa kina? Jibu limo katika umbo la lugha yenyewe. Maneno mengi ya Kiingereza huishia kwa konsonanti, tena shadda yake huhamahama. Kina kizuri ni haba. Kinapopatikana cha silabi mbili au tatu, msikilizaji hucheka kwa mshangao kwamba kimewezekana. Minchin huutumia uhaba huo: hujenga tarajio la kina, hulichelewesha kwa piano, kisha hulitimiza kwa neno lisilofikiriwa au hulinyima kabisa.

Kiswahili kina hali tofauti. Karibu kila neno huishia kwa irabu, na shadda kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hata mwanagenzi aweza kumaliza mishororo kumi kwa kina cha -ni bila kutoka jasho. Kwa sababu hiyo kupatikana kwa kina hakumshangazi mtu, na mzigo wa mzaha huhamia kwenye maana: fumbo, majibizano, na neno lenye sura nyingi kama kaa, ambalo ni mnyama wa pwani, kipande cha moto na amri ya kuketi. Muyaka wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, aliujua mchezo huo vyema.

Hata hivyo, ziko mbinu ambazo lugha hizi mbili hukutana. Wimbo wa Minchin uitwao "Prejudice" hutangaza kwamba liko neno la herufi 6 liumizalo, na herufi zake hutajwa bila neno kutamkwa. Hadhira hukaza pumzi ikiamini ni tusi dhidi ya watu weusi. Neno lifichukapo, ni lile waitwalo wenye nywele nyekundu, naye mwimbaji ni mmoja wao. Maneno yote mawili yana herufi zile zile, mpangilio tu ndio uliogeuzwa. Mchezo huu ni jamaa ya kinyume, ambamo watoto wa Kiswahili hugeuza silabi ili asiyehusika asielewe. Mtu aweza kuhoji, na ana haki, kama inafaa kuliweka tusi lenye historia ya utumwa karibu na utani wa rangi ya nywele. Lakini ukali wa wimbo uko hapo: tusi halikutamkwa jukwaani, ni msikilizaji aliyelileta mwenyewe akilini mwake.

Alfabeti iliyofichwa

Kilele cha kazi ya Minchin ni Matilda, tamthilia ya muziki iliyoonyeshwa kwanza Stratford-upon-Avon mwishoni mwa 2010 na Royal Shakespeare Company, hadithi ikiandikwa na Dennis Kelly. Mwaka 2012 ilipata tuzo 7 za Olivier. Chimbuko lake ni kitabu cha Roald Dahl cha 1988. Dahl huyo ndiye aliyefanya kazi katika kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akajifunza Kiswahili.

Katika "School Song", wanafunzi wakubwa huwatisha wageni siku ya kwanza ya shule. Ndani ya vitisho hivyo zimefichwa herufi zote za alfabeti kwa utaratibu wake, kila jina la herufi likisikika kama silabi katika neno. Mtoto mgeni husikia tishio tu. Ajuaye kusoma husikia ufunguo, na Matilda huokolewa na kusoma. Umbo limebeba maana.

Washairi wa pwani waliijua jadi ya karibu na hiyo. Dura Mandhuma ni utungo uliopangwa kwa kufuata herufi za alfabeti ya Kiarabu.

Jukwaa na hasara

Minchin aliigiza Yuda katika Jesus Christ Superstar mwaka 2012. Baadaye alitumikia takriban miaka 4 filamu ya katuni, Larrikins, ambayo studio iliifuta mwaka 2017. Alirejea Australia, na mwaka 2019 akashiriki kuandika na kuigiza Upright, tamthilia ya televisheni kuhusu mwanamuziki asafirishaye piano kuvuka nchi nzima kwenda Perth.

Hitimisho

Wimbo wa namna hii haufasiriki neno kwa neno. Hujengwa upya kwa vifaa vya lugha pokezi. Kiswahili kinavyo vifaa hivyo. Watoto wengi wa Tanzania hufundishwa herufi kwa majina ya a, be, che, de. Be imo katika bega, che katika cheko, de katika deni. Efu ndiyo itakayomtoa mfasiri jasho. Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo atakuwa amefanya utafiti wa fonolojia, mofolojia na ushairi kwa pamoja, na hadhira yake itakuwa imecheka.