Mtandao ukikatika, tuulize kwanza umekatikia wapi



Imezuka tabia mijini siku hizi. Intaneti ikikatika nyumbani, kila mtu huwa hakimu. Baba husema kampuni inatuibia. Mama husema watoto wamemaliza bando. Watoto nao husema kompyuta imezeeka. Hukumu hutolewa kabla ya ushahidi, na baada ya hukumu hufuata faini: fedha za fundi, fedha za bando jingine, na pengine fedha za kununua kompyuta mpya. Mkosaji wa kweli hubaki amekaa kimya nyuma ya televisheni, na kesho yake mtandao hukatika tena.

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja tu. Ni ule wa laptopu inayoshika waifai ya nyumbani, ikakaa nayo robo saa, kisha ikaiachia. Ikashika tena, ikaachia tena. Mtu anaweza kusema hilo ni jambo dogo la watu wenye nafasi. La hasha! Wapo wanaopata riziki yao kwa mashine hizo wakiwa sebuleni. Wapo wanafunzi wanaojaza maombi ya mkopo wa chuo usiku wa siku ya mwisho. Wapo wanaosailiwa kazi kwa video. Mwombaji akitoweka mara tatu mbele ya wasaili, hakuna atakayeandika kwamba waifai ilikuwa mbovu. Ataandikiwa kwamba hakujiandaa.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja: kabla ya kutibu, na kabla ya kulipa, tujue mahali palipokatika.

Tuanze na safari yenyewe. Wengi wetu hudhani waifai na intaneti ni kitu kimoja. Ni vipande viwili vya njia. Kipande cha kwanza kinatoka kwenye laptopu hadi kwenye rauta, kile kijisanduku chenye taa. Ni mita chache za hewani, ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hiyo ndiyo waifai. Kipande cha pili kinatoka kwenye rauta kwenda kwa kampuni, ama kwa waya wa faiba ama kwa mnara wa simu, na kutoka huko hupita chini ya bahari hadi ughaibuni. Hicho ndicho tunacholipia kila mwezi. Kikikatika kipande cha kwanza, tunaionea kampuni tukiilaumu. Kikikatika cha pili, tunaionea laptopu.

Tukumbuke Mei 12, 2024. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa kusini wa pwani yetu ya Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine jirani. Rauta zetu zilikuwa nzima. Laptopu zetu zilikuwa nzima. Aliyepeleka mashine yake kwa fundi siku ile ikafunguliwe alikuwa sawa na mgonjwa wa jino anayefungwa bendeji mguuni.

Sasa, mtu asiye fundi atajuaje ni kipande kipi? Yapo maswali matatu, na hayahitaji bisibisi.

Swali la kwanza: vifaa vingine vinasemaje? Chukua simu, iunganishe na waifai ileile, na uiweke kando ya laptopu, si chumba cha pili. Kisha zima data ya laini yako. Hili la data ni muhimu, kwa maana simu ikikosa waifai hurukia data kimyakimya, na wewe ukadhani waifai ipo. Laptopu ikianguka na simu ikaendelea, ugonjwa uko kwenye laptopu. Vyote viwili vikianguka kwa pamoja, mwangalie rauta au laini inayoingia.

Swali la pili: ile alama ya waifai kwenye kona ya skrini inafanya nini? Ikitoweka kabisa, kilichokatika ni kile kipande cha ndani ya nyumba. Ikibaki imejaa lakini kurasa hazifunguki, mara nyingi njia ya hadi kwenye rauta ni nzima, na kizuizi kiko mbele yake.

Swali la tatu tunaiuliza rauta yenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika neno ping, acha nafasi, kisha andika namba ya rauta yako. Namba hiyo mara nyingi imebandikwa chini ya rauta. Zilizozoeleka ni 192.168.1.1 na 192.168.0.1. Rauta ikijibu mfululizo huku dunia ya nje haipatikani, tatizo liko ng'ambo ya rauta. Rauta yenyewe ikikaa kimya, tatizo liko nyumbani kwako. Na mwenye kalamu aandike amri hii nyingine, ambayo hufanya kazi ukilifungua dirisha hilo kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta: netsh wlan show wlanreport. Windows 10 na Windows 11 zitakutolea ripoti ya siku tatu, yenye saa na dakika ambazo laptopu iliachana na waifai, na sababu iliyoandikwa. Huo ni ushahidi, ndugu msikilizaji, nao umo ndani ya mashine yako bure.

Nitoe mfano. Mama mmoja, jirani yangu, anaandika hesabu za maduka madogo akiwa nyumbani kwake. Laptopu yake ilikuwa ikiachia waifai kila siku. Fundi mmoja alimwambia kadi ya waifai imekufa, akamtajia bei ya kadi na bei ya kazi. "Kaka," akaniambia, "niilipe hii, au ninunue mashine nyingine kabisa?" Nikamwomba tusubiri siku moja. Tukaweka simu ya mwanawe kando ya laptopu. Laptopu ikaanguka, simu ikaendelea. Haya, tukajua ni laptopu. Nikamwuliza, huwa inaanguka wakati gani? Akafikiri, akasema: "Nikiichomoa kwenye chaja, nikaenda kuangalia chungu jikoni, nikirudi naikuta imekatika." Ikiwa kwenye chaja, hapakuwa na tatizo.

Kadi iliyokufa haichagui siku za kufufuka kwa kuangalia chaja. Laptopu nyingi zimepangwa kubana matumizi ya betri, na mojawapo ya njia zake ni kukizima kifaa cha waifai kikionekana hakina kazi. Kosa ni kwamba wakati mwingine hakiamki vizuri. Kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, ukifungua sifa za kifaa cha waifai, katika laptopu nyingi utakuta ukurasa wa mambo ya umeme wenye kisanduku kilichotiwa alama ya vema. Kisanduku hicho huiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Tuliiondoa alama ile. Ilituchukua dakika tano, na hatukulipa hata senti.

Sisemi kila laptopu ina ugonjwa huo. Pengine ni draiva, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa chake. Kama matatizo yalianza mara tu baada ya kompyuta kujisasisha, rudisha draiva ya zamani, au chukua mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Pengine mashine inakumbuka mitandao mingi mno, ya ofisini, ya shemeji, ya simu yako mwenyewe, nayo hurukaruka kama kuku asiye na banda. Futa isiyotumika. Usahaulishe na ule wa nyumbani, kisha uunganishe upya kwa neno la siri. Yote yakishindikana, iko njia ya kurejesha mipangilio yote ya mtandao kama ilivyokuwa mwanzo. Lakini kabla ya hapo andika maneno yako ya siri pembeni, kwa maana yatafutika.

Tugeuke sasa upande wa rauta, kwa sababu huko ndiko nyumba zetu za mjini zinakojipiga zenyewe. Mawimbi ya waifai ni mawimbi ya redio, kama haya yanayokuletea sauti yangu, ila nguvu yake ni ndogo sana. Ukuta wa tofali za saruji huyapunguza. Zege lenye nondo huyapunguza zaidi. Friji, kioo kikubwa cha ukutani na pipa la maji ni maadui zake. Nasi tunachukua rauta, tunaificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la vyombo ili sebule ipendeze, kisha tunashangaa laptopu ya chumba cha mwisho kukosa mawimbi. Iinue rauta, iweke wazi, karibu na katikati ya nyumba. Kama ni ile ya laini ya simu, nayo inahitaji kuuona mnara, basi tafuta dirisha lililo karibu na mahali unapofanyia kazi.

Mawimbi hayo pia yana barabara mbili zilizozoeleka: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini imejaa watu. Humo ndimo zimo rauta za majirani wote, vifaa vya bluetooth, na hata oveni ya maikrowevu, ambayo hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45. Kama mtandao wako hufa kila unapopasha wali, umeshampata mshitakiwa. Barabara ya gigahezi 5 ina nafasi na kasi, lakini huchoka upesi ikikutana na ukuta. Anayekaa karibu na rauta aitumie hiyo. Anayebaki kwenye 2.4 aifungie rauta yake kwenye chaneli ya 1, ya 6 au ya 11, kwa kuwa hizo tatu hazipandiani. Katika nyumba za kupanga, zenye rauta kila mlango, mawimbi husongamana hasa kuanzia saa 1 jioni watu wanaporejea makazini.

Halafu upo umeme wetu. Rauta ikijizima na kujiwasha, taa zake zote huzimika kwa pamoja, kisha huanza kuwaka moja baada ya nyingine. Ukiona hivyo, usiiguse laptopu. Angalia adapta, angalia soketi, angalia ule waya wa ekstenshen uliobeba pasi, friji na televisheni. Adapta iliyochoka hutoa umeme pungufu, na rauta huzirai. Ukinunua nyingine, volti zake ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya kwanza, na ampea zake zisipungue.

Na kama ushahidi wote unaonyesha kwamba ndani ya nyumba hakuna kosa? Hapo ndipo faida kubwa ya kutafuta inapoonekana. Kwa siku tatu andika kwenye karatasi: saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi, na taa ipi ya rauta ilibadilika. Ndipo upige simu kwenye kampuni. Wengi wetu hupiga simu tukiwa na hasira tu, tukajibiwa "zima, kisha washa." Kuzima na kuwasha ni kama kidonge cha maumivu. Kitatuliza, lakini hakisemi unaumwa nini, na tena kinaweza kufuta dalili. Mteja mwenye karatasi yenye saa na tarehe hajibiwi kirahisi hivyo. Kampuni ikikupuuza, Tanzania ipo Mamlaka ya Mawasiliano, na Kenya vilevile ipo ya kwao, nazo hupokea malalamiko ya watumiaji waliokwisha kulalamika kwanza kwa kampuni bila mafanikio. Malalamiko hayo huhitaji maelezo, na maelezo unayo.

Kwa ndugu zetu mafundi nina neno pia. Wengi ni waaminifu, na mitaa yetu ingesimama bila wao. Lakini sisi wateja tujizoeze kumwuliza fundi swali moja kabla ya kutoa fedha: umejuaje? Fundi wa kweli atakueleza alichopima na alichokiona. Wa kubahatisha atakasirika. Hapo funga mkoba wako, uage kwa adabu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi kinachotula katika jambo hili kimo ndani ya kuta zetu: rauta iliyofichwa, adapta iliyochoka, alama moja ya vema isiyopaswa kuwapo. Mara nyingine kiko kwa kampuni, na hapo tuna haki ya kudai tulichokilipia. Lakini asiyejua ni kipi hawezi kutibu wala kudai. Atabaki akilipa.

Msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo. Kwaheri.