Daftari Kabla ya Sauti: Maandalizi ya Simu ya Mwajiri

Mafunzo ya kutafuta kazi hutumia muda mwingi kwenye uandishi wa wasifu na usaili wa ana kwa ana. Hatua iliyo katikati, yaani simu ya mwajiri, hupewa dakika za mwisho mwisho na ushauri mwepesi: ongea taratibu, tabasamu hata kama huonekani, usisahau kushukuru. Hakuna ubaya katika hayo, lakini makala hii inashikilia kwamba uzito umewekwa mahali pasipo pake. Mwombaji anayekwama kwenye simu hakwamishwi sana na sauti wala lafudhi. Hukwama kwa kuwa hakumbuki aliomba nafasi ipi, wapi, na kwa masharti gani, na kwa kuwa hajapiga hesabu ya anachokitaka. Maandalizi ya simu ni kazi ya kumbukumbu na hesabu, nayo hufanyika kabla simu haijaita.

Tuanze na anayepiga. Katika utumishi wa umma Tanzania, maombi hupita kwenye Ajira Portal, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza kwenye tovuti yake majina ya walioitwa kwenye usaili. Anayesubiri nafasi hizo afungue akaunti yake kila mara. Kukaa macho na simu hakumsaidii sana. Simu ni desturi ya sekta binafsi: shule, hoteli, kampuni za usambazaji, mashirika yasiyo ya kiserikali. Afisa rasilimali watu ana orodha ndefu mezani na anataka kuipunguza kabla ya kumwita mtu ofisini. Maswali yake ni machache: bado unaitaka kazi hii, uko mkoa gani, unaweza kuanza lini, unategemea mshahara kiasi gani. Miongozo iliyoandikiwa waombaji wa Marekani husisitiza kurekodi salamu ya kupokelea ujumbe wa sauti. Kwetu ujumbe wa sauti ni nadra. Mpigaji akiambiwa namba haipatikani, hushuka kwenye jina linalofuata, na huenda asirudi tena. Kwa hiyo namba inayoandikwa kwenye wasifu iwe ile ya laini inayokuwa hewani muda wote, si ile inayowekwa kwenye simu pale tu kifurushi chake kinapokuwa nafuu. Iambatane na namba ya pili ya ndugu ambaye amekwisha kuambiwa kwamba wanaweza kupiga watu wa kazi, asije akajibu kwamba huyo mtu hamjui. (Na wimbo wa muito, ule anaosikilizishwa mpigaji, ni vizuri uwe umeondolewa. Si kila afisa ni mpenzi wa singeli saa tatu asubuhi.)

Sasa daftari lenyewe. Mtu aliyetuma maombi kwa miezi kadhaa hawezi kuyabeba yote kichwani. Simu inaingia yuko kwenye daladala, mpigaji anasema, "Uliomba nafasi kwetu," naye anajibu, "Nafasi ipi hiyo?" Hajatukana wala hajakosa adabu, lakini amekwisha kumwambia mwajiri kwamba kwake kazi zote ni sawa. Tiba yake ni mstari mmoja kwa kila ombi: jina la taasisi, cheo kama kilivyoandikwa kwenye tangazo, tarehe ya kutuma, kituo cha kazi, sifa mbili tatu walizozitaka, na toleo la wasifu lililotumwa. Daftari la karatasi linatosha. Likiwa ndani ya simu hiyohiyo, ajizoeze kulifungua huku anaongea. Na pale mazingira yanapokataa, aseme mapema: "Samahani, niko barabarani na kuna kelele. Naomba nikupigie kwa namba hii baada ya nusu saa." Hii si dharau, mradi apige kweli, kwa maana salio la kurudisha simu nalo ni sehemu ya maandalizi.

Swali linaloumiza zaidi ni la mshahara, na hapa ndipo ufasaha usipofua dafu bila hesabu. Wengi hutaja kiasi wanachokihitaji mkononi, ilhali mwajiri huzungumzia mshahara kabla ya makato. Chukua shilingi 1,000,000 kwa mwezi, Tanzania Bara. Mchango wa mfanyakazi wa asilimia 10 kwa NSSF ni 100,000. Zinazobaki, 900,000, ndizo zinazokokotolewa kodi ya mapato, ambayo kwa viwango vinavyotumika ni 103,000. Mhitimu anayedaiwa na Bodi ya Mikopo hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Mkononi zinabaki 647,000, na nauli bado. Aliyesema "milioni moja" akiwa na maana ya milioni moja mfukoni amejipunja zaidi ya theluthi kwa neno moja la kwenye simu. Mwenye hesabu hii hutaja kiwango cha chini na cha juu, akaongeza kwamba ni kabla ya makato, kisha akauliza kama kuna posho ya nyumba au usafiri.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba kuwahimiza vijana kupokea kila namba ngeni ni kuwatupa kwa matapeli, na hofu hiyo ina msingi. Enzi hizi namba ngeni inaweza kuwa ya mdai wa mkopo wa "kausha damu" au ya mtu anayeomba ada ya fomu na vipimo vya afya kabla ya kazi ambayo haipo. Lakini anayezima simu hajatatua tatizo. Amewafungia nje mwizi na mwajiri kwa pamoja. Daftari ndilo linalowatenganisha. Mpigaji akitaja taasisi isiyomo ndani yake, aulizwe tangazo lilitoka wapi. Akidai fedha, au namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe mfupi, mazungumzo yamekwisha, na namba yake ipelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Pingamizi jingine ni kwamba aliyejiandaa atasikika kama kasuku. Ni kweli kwa aliyekariri sentensi; aliyeandika mambo matatu ya kusema hana cha kukariri. Hili linahusu pia Kiingereza, kwani si ajabu afisa akabadili lugha ghafla katikati ya salamu. Kujieleza kwa ufupi, kazi ya mwisho aliyoifanya na sababu ya kuitaka kazi hii viwe vimesemwa kwa sauti, kwa lugha zote mbili, kabla ya siku hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la haki: kwa nini mzigo wote abebeshwe mtu asiye na kazi, pengine asiye na umeme wa kuchaji, wakati anayepiga ana ofisi? Hili halina jibu la kumtetea mwajiri. Ujumbe mfupi wa kutaja taasisi, nafasi na saa ya kupiga haugharimu kitu cha maana, na ungeondoa nusu ya matatizo yaliyotajwa humu. Yako pia maswali yasiyostahili kuulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na ulinzi huo unamfikia hata mwombaji wa kazi. Mwanamke anayeulizwa kwenye simu kama ana mpango wa kuzaa karibuni anaweza kujibu kwamba ratiba ya kazi kama ilivyotangazwa anaimudu, kisha akaandika swali hilo kwenye mstari wa taasisi hiyo, pamoja na tarehe, saa na namba iliyopiga.