Kuvu ya Ukutani na Kuvu ya Guniani: Unyevu katika Nyumba za Machakos

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vikundi vya akina mama, Machakos



Niliombwa nizungumze juu ya kuondoa kuvu nyumbani na kuizuia isirudi. Naomba ruhusa yenu niipanue mada hiyo, kwa sababu katika nyumba nyingi za Machakos kuna kuvu mbili. Moja iko ukutani, nyeusi, kila mgeni anaiona. Nyingine imo ndani ya gunia la mahindi lililoegemezwa ukuta huohuo, na mara nyingi haionekani kabisa. Ya kwanza inatusumbua kifua na macho. Ya pili imetuzikia watu. Zote mbili zinaletwa na unyevu uliokosa pa kutokea, lakini zinatofautiana kwa jambo moja ambalo ndilo nguzo ya mada yangu: kuvu ya ukutani inaoshwa, ya guniani haioshwi.

Ukuta

Mtu akiona madoa meusi pembeni mwa dirisha au nyuma ya kabati, mara nyingi hukimbilia rangi. Rangi huificha kuvu msimu mmoja, kisha huvimba na kubambuka, na madoa yakarudi mapana kuliko mwanzo. Kuvu ilifunikwa ikiwa hai juu ya plasta yenye maji. Chakula chake ni kidogo sana: vumbi, karatasi, mbao, hata rangi yenyewe. Mahali palipolowa pakikaa siku moja au mbili bila kukauka, inaanza kuota. Basi kabla hujauliza dawa, uliza maji yanatoka wapi.

Ukuta wenyewe unajibu ukiutazama vizuri. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia usawa wa goti au kiuno unatoka ardhini. Mji wetu umekaa chini ya milima ya Iveti, na nyumba nyingi zimechongewa nafasi kwenye mteremko. Mvua ikinyesha, maji hushuka yakakutana na ukuta wa nyuma, yakazama kwenye msingi na kupanda ndani ya matofali. Unyevu ukianzia juu, panda ukatazame paa: msumari uliolegea, bati lililotoboka, gata iliyoziba kwa majani. Ukiwa katikati ya ukuta, mahali pamoja tu, shuku bomba. Na ukizidi Juni na Julai, wakati wa baridi na manyunyu, hasa nyuma ya makochi na kwenye pembe za dari, huo ni mvuke wetu wenyewe: sufuria inayochemka, nguo zilizoanikwa ndani, stovu ya mafuta ya taa, watu watano wamelala chumba kimoja na dirisha limefungwa. Mvuke ukigusa ukuta baridi unageuka maji.

Kuna pia unga mweupe unaotoka kwenye plasta, ambao wengi huudhania kuvu. Uudondoshee tone la maji. Ukiyeyuka na kupotea, hiyo ni chumvi iliyosukumwa nje na maji yanayopita ndani ya ukuta. Chumvi haidhuru mapafu, ila inakuambia kwamba kuvu iko njiani.

Machakos imesifika duniani kwa matuta ya fanya juu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kizima kuonyesha jinsi wakulima wa hapa walivyookoa udongo wao huku idadi ya watu ikiongezeka. Inanisikitisha kwamba ujuzi huohuo unaishia shambani. Tunajua kuyashika maji ya mlima na kuyaelekeza tunakotaka, halafu tunajenga nyumba bila hata mtaro nyuma yake. Mtaro mmoja uliochimbwa upande wa juu wa nyumba, ukayapitisha maji kando, unaweza kukausha ukuta ambao umekula rangi miaka mingi. Kazi yake ni ya jembe na siku chache.

Maji yakishazuiwa, ndipo usafishaji unapofaa. Fungua madirisha, ondoa watoto na mwenye pumu, funga pua na mdomo, vaa glavu. Usisugue kuvu ikiwa kavu, maana mbegu zake zitaruka nyumba nzima. Lowesha kwanza, usugue kwa maji ya sabuni, suuza, uache ukuta ukauke kabisa. Anayetaka kutumia jiki asizidishe robo lita kwa lita nne za maji, na kamwe asiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha unaweza kumwangusha mtu. Plasta iliyolainika ibanduliwe, ipigwe upya. Godoro au ubao wa dari ulioota kuvu ndani kwa ndani hautengenezeki tena. Rangi ije mwisho, na kwa kuta za ndani chokaa bado ni chaguo zuri, kwa sababu inaruhusu ukuta kupumua na kuvu haiipendi.

Mpangaji yuko katika hali nyingine. Hawezi kupanda juu ya paa la mwenye nyumba. Katika ploti yenye vyumba kumi, malalamiko ya mtu mmoja hupuuzwa, ila wapangaji wote wakienda pamoja na kumwonyesha mwenye ploti bati linalovuja, ataona pia kwamba ukarabati wa bati ni rahisi kuliko wa ukuta mzima. Wahudumu mnaoingia nyumba hizo mnaweza kuwakutanisha.

Gunia

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Kati ya Machi na Juni 1981, watu 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos wakiwa na ugonjwa wa ini. Kumi na wawili walikufa. Kabla yao walikuwa wamekufa njiwa, kisha mbwa. Mahindi ya nyumbani kwao yalipopimwa, baadhi yalikuwa na aflatoksini kufikia sehemu 12,000 kwa bilioni. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya leo ni sehemu 10.

Aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu, hutengenezwa hasa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na jina lake lilitokana na jina la kuvu hiyo. Ulimwengu uliigundua baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu. Ikiingia mwilini kwa wingi mara moja huua ini: macho huwa manjano, tumbo huvimba, mtu hutapika. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Mwaka 2004 ikarudi. Mkoa wa Mashariki ndio ulioumia, hasa Makueni na Kitui, na sisi Machakos tulikuwamo. Kufikia Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Mwaka uliofuata watu wengine wakafa. Mahindi yaliyouzwa sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilivuka kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, sehemu 20 kwa bilioni.

Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa na majirani zao wasiougua. Makundi yote mawili yaliishi vijiji vilevile. Kilichowatofautisha sana ni kwamba walioumwa walikuwa wameweka mahindi yakiwa mabichi. Jambo hili lisisemwe kwa kuwalaumu. Mvua iliwahi wakati wa kuvuna. Chakula kilikuwa haba, na mahindi yaliyoachwa shambani au nje yangeibwa. Mama akayaingiza ndani, chumbani, karibu na kitanda, mahali pa salama kuliko pote alipopajua. Chumba hicho hakikuwa na hewa, na sakafu ilikuwa na unyevu.

Wazee walikuwa na ikumbi, ghala la fito lililosukwa na kuinuliwa kutoka ardhini, upepo ukipita chini na pembeni. Liliachwa kwa sababu ya wezi, na kwa sababu ya dumuzi mkubwa, mdudu mla nafaka ambaye wengi humwita Osama. Gunia la plastiki likachukua nafasi yake, nalo halipitishi hewa kama lile la mkonge. Sitawaambia watu warudi kwenye ikumbi huku wezi wangali wapo. Nasema tu kwamba tulipoyahamishia mahindi chumbani tuliuacha upepo nje, na hatukuweka kitu cha kufanya kazi yake.

Kwa nini haioshwi

Nimesikia mengi vijijini kuhusu mahindi yaliyoota kuvu. Wengine huyaosha na kuyaanika upya. Wengine huyachemsha sana. Wengine huyasaga wakachanganya na mazuri. Sumu hii haiuawi na moto wa jikoni, na kuvu ikifa, sumu yenyewe hubaki. Kuyaanika upya kunazuia kuvu kuendelea, lakini kile kilichokwisha kutengenezwa kimo ndani ya punje. Kuyachagua kwa mkono, kutoa yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika na yaliyotobolewa na wadudu, kunapunguza kiasi kikubwa cha sumu, na nawasihi mfanye hivyo kila mara kabla ya kusaga. Kukoboa kwa ajili ya muthokoi nako kunapunguza, kwa kuwa sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Kupunguza si kumaliza. Mahindi yanaweza kuwa meupe na kunukia vizuri, nayo yana sumu.

Tena kuwapa kuku mahindi mabovu si njia ya kuyatupa. Kuku hudumaa na kufa. Ng'ombe huipitisha sumu kwenye maziwa, ambayo kesho anapewa mtoto. Na pombe iliyopikwa kwa mahindi hayo humrudishia sumu mtu mzima aliyefikiri ameepuka hasara.

Kukausha kabla kuvu haijaanza

Kuvu hii mara nyingi huanzia shambani, hasa mmea ukiteswa na ukame wakati wa kuchanua na kujaza punje, hali ambayo Ukambani tunaijua mno. Kwa sababu hiyo watafiti wametumia kuvu za hapahapa Kenya zisizotengeneza sumu, zikamwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua ili zichukue nafasi ya zile mbaya. Dawa hiyo inaitwa Aflasafe, na kiwanda chake kimejengwa Katumani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, hapa kwetu Machakos. Inatumika kwa kilo 10 kwa hekta. Kama kuna kikundi hapa ambacho hakijawahi kwenda Katumani kuuliza, kipange safari.

Baada ya kuvuna, kazi ni kukausha. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, yawekwe juu ya turubai, yafunikwe wingu likitokea na kila jioni. Yapukuchuliwe bila kupigwa kwa rungu, kwa maana punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Yanapaswa kufikia unyevu wa asilimia 13 au chini yake kabla ya kufungiwa.

Asiye na mashine ya kupimia ana chumvi. Chukua chupa ya glasi kavu yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi moja, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka kabisa. Tikisa kwa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Isipogandamana, yako chini ya 15, na kwa kuwa 15 bado ni nyingi, yarudishe juani siku nyingine ndipo uyafunge.

Kisha gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Kichanja cha mbao au cha mawe na mabanzi kinatosha. Mifuko isiyopitisha hewa ambayo sasa inauzwa madukani inaua wadudu bila dawa, ila ni kwa mahindi makavu tu. Ukitia mabichi, yataoza humo ndani na utayagundua siku ya kufungua.

Linalobaki ni gumu kuliko yote. Tunapomwambia mama atupe gunia lake la mwisho, tunamwambia alale njaa. Mwaka 2004 mahindi mabovu yaliondolewa na familia zikapewa chakula badala yake, na bila hilo watu wangeendelea kuyala hata wakijua. Napendekeza semina hii ipeleke kwa serikali ya kaunti maombi mawili. Kwanza, kila wadi iwe na turubai za kukodisha na kipimaunyevu kimoja kinachokaa kwa mhudumu wa afya, vifike kabla ya mavuno ya Februari, wala si baada ya mvua za Machi kuanza. Pili, mahindi yatakayopimwa na kukutwa na sumu yafidiwe gunia kwa gunia, papo hapo, mama akiwa bado amesimama mlangoni.

Niko tayari kwa maswali.